Mchicha Hausafiri

Nyanya za Dar es Salaam zinatoka Ilula. Vitunguu vinatoka Singida na Mang'ola, viazi Njombe na Mbeya, machungwa Muheza, mchele Kyela na Ifakara. Lori likizima mlima Kitonga, kesho yake bei ya nyanya Ilala inapanda na kila mama lishe anajua sababu. Mchicha hauna habari na Kitonga. Ukishang'olewa alfajiri, saa sita mchana umeshalegea, na jioni hata mbuzi anaunusa na kuuacha. Hauwezi kulala kwenye lori, haupendi kubanwa guniani, na hakuna atakayeulipia gari la baridi kutoka Morogoro. Kwa hiyo jiji lenye watu 5,383,728, kwa hesabu ya sensa ya 2022, halina budi kujilimia mboga lenyewe, ndani ya mipaka yake, katikati ya nyumba, reli, nguzo za umeme na mitaro.

Katika miaka ya 1990, Wizara ya Kilimo ilipokuwa ikiendesha mradi wa mboga mijini pamoja na shirika la Kijerumani la GTZ, ilikadiriwa kwamba karibu asilimia 90 ya mboga za majani kwenye masoko ya Dar zililimwa humu humu Dar. Jiji limetanuka sana tangu hapo, ila tabia ya mchicha ni ile ile. Wenzetu wa Ulaya na Marekani siku hizi wanafanya makongamano juu ya bustani za pamoja na chakula cha karibu, jinsi vinavyoufanya mji uwe wa haki na wenye kudumu. Huku kwetu mambo hayo yanafanyika kila alfajiri bila bango, bila kongamano na, mara nyingi, bila ruhusa. Nilitaka kujua nani ananilimia, na nani amemruhusu.

Njia nyepesi ya kuwapata wakulima wa mboga ni kufuata maji. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unalipasua jiji kwa kilomita zipatazo 35 na kumwaga baharini kwenye Daraja la Selander, pale ambapo matajiri na mabalozi hupita asubuhi wakielekea mjini. Nikaamua kushuka nao, kwa daladala, bodaboda na miguu, kadiri njia ilivyoruhusu.

Pugu penyewe sikukaa sana. Kilima kina habari zake: shule aliyofundisha Mwalimu Nyerere kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955, mapango ya udongo mweupe wa kaolini yenye popo wake, mnada wa ng'ombe, na misitu miwili ya hifadhi, Pugu na Kazimzumbwi, ambayo wachoma mkaa hawajaipa raha. Mto huku ni kijito tu. Mtu mzima anakiruka bila kupandisha suruali. Kijana wa bodaboda aliyenibeba kutoka Kajiungeni alinionyesha mteremko kwa kidevu. "Zamani huku kote mihogo, bro. Sasa hivi kote misingi." Ndivyo ilivyokuwa. Tofali zimepangwa kwenye majani, nguzo za mipaka zimepakwa rangi, na katikati ya viwanja viwili mama mmoja alikuwa akichuma kisamvu kwa haraka ya mtu anayejua kwamba mihogo hiyo haitafika mwakani.

Shamba la pembezoni ndilo linalokufa kwanza jiji linapotanuka, kwa sababu linauzika. Bustani zinazosalia ni zile zilizo mahali pasipouzika. Ukianza kuitazama Dar kwa jicho hilo, inajipanga upya mbele yako. Pasipouzika ni chini ya nyaya za umeme. Ni hifadhi ya barabara na ya reli. Ni bonde linalofurika kila masika. Ni uwani kwa taasisi fulani ambayo mkuu wake hakuona sababu ya kufukuza watu, na aliyemfuata naye akasahau. Ni kiwanja cha mtu aliyeko Uingereza, ambaye ameweka mlinzi, na mlinzi amepanda matembele ili majani yasiote na nyoka wasizoee.

Kinyerezi, kwenye mitambo ya kufua umeme kwa gesi, nyaya nene zinatoka na kutambaa juu ya mitaa kuelekea katikati ya jiji. Chini yake hairuhusiwi kujenga, kwa hiyo mkuza umebaki wazi, ukanda wa kijani unaopinda nyuma ya nyumba za watu. Nilimkuta kijana akimwagilia. Aliniamkia kabla sijafungua mdomo, nikamwitikia na kumpa pole ya kazi.

"Asante. Angalia hapo usikanyage, nimesia jana."

Kazi yake ningeweza kuitazama siku nzima. Maji yako kwenye kisima cha wazi, kilichochimbwa kwa jembe na kukatiwa ngazi za udongo upande mmoja. Anashuka na keni mbili mpaka maji yamfike magotini, anazizamisha zote kwa pamoja, zinagugumia kama mtu aliyepewa togwa baada ya safari ndefu, kisha anapanda mbio kidogo kwa sababu ukipanda polepole mabega ndiyo yanayolipa. Anapita kati ya matuta mawili, keni moja kila mkono, akimwaga kulia na kushoto kwa mvua nyembamba isiyofukua mbegu. Halafu anarudi. Asubuhi hivyo, jioni hivyo, na jua likiwa kali la Januari hata mchana.

Tuta lina upana wa hatua moja na urefu wa hatua kumi na kitu. Udongo unatifuliwa, unachanganywa na samadi ya kuku inayonunuliwa kwa kiroba kutoka kwa wafugaji wa kuku wa nyama, na kingo zinainuliwa kidogo ili maji yasikimbie. Mbegu ya mchicha ni ndogo mno, kwa hiyo huchanganywa na mchanga mkavu mkono usije ukaimwaga yote mahali pamoja. Juu yake hutandazwa nyasi mpaka ichipue. Baada ya wiki tatu hivi, tuta liko tayari kuuzwa.

Hakuna aliyempa eneo hilo kwa maandishi. Mjomba wake alilima hapo, na mjomba naye alimpa kitu kidogo mtu aliyekuwepo kabla yake, siyo kununua, bali kumshukuru kwa kusafisha. Mafundi wa umeme wakija kushughulikia nguzo, gari linapita juu ya matuta na yeye anakaa pembeni. Nikamuuliza mbona hapandi bamia, ambayo ina bei nzuri.

"Bamia inataka miezi miwili ndipo uanze kuchuma. Mimi hapa nikipata wiki tatu za amani, namshukuru Mungu."

Tangu hapo nikawa natazama kilichopandwa kabla ya kumtazama aliyepanda. Ukikuta mchicha na chainizi tupu, ujue mkulima hana uhakika na mwezi ujao. Matembele, ambayo hukatwa na kuchipua tena na tena, yanakuambia kuna mtu amemtuliza moyo. Bamia na nyanya chungu maana yake ana mazungumzo na mwenye eneo. Mpapai au mgomba, huyo amekaa, au ameamua mwenyewe kwamba amekaa. Maofisa wa mipango miji wana ramani zenye rangi za kila matumizi ya ardhi. Mimi nadhani wangejifunza mengi kwa kutembea tu na kuuliza nani amethubutu kupanda mgomba.

Mwenye migomba nilimpata ng'ambo ya Tabata, bondeni, mahali ambapo mto umeshakuwa mto na wachimba mchanga wameutafuna kingo zote mbili. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Unatoka ofisi gani?"

Nikamwambia sitoki ofisi yoyote. Akaendelea kupalilia. Nikamwambia naandika, akasimamisha jembe na kunitafutia ndoo ya kukalia. Migomba yake ilikuwa imepangwa mstari mmoja kando ya maji, magimbi chini yake, kisha matuta ya matembele yakipanda kuelekea nyumba. Alianza kulima hapo miaka ya vita vya Kagera. Alikuwa kiwandani, na mshahara ulikuwa ukiisha kabla ya tarehe kumi na tano.

Hadithi yake ni ya jiji zima. Mwaka 1974, ukame ulipokausha maghala, serikali ilitangaza Kilimo cha Kufa na Kupona, na maofisi na viwanda vikaagizwa kuwa na mashamba. Ikafuata vita, kisha miaka ya 1980 ya foleni na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, ambapo msomi wa Chuo Kikuu alifuga kuku nyuma ya nyumba na wakubwa wa Oysterbay walikuwa na ng'ombe wanaolia usiku. Kilimo cha mjini, ambacho wakoloni waliona kinachafua mji, kikawa ndicho kinachoushikilia. Na bado kwa mlango mwingine, sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ikawa inakusanya watu walioitwa wazururaji na kuwapakia kurudi vijijini wakalime, kana kwamba waliokuwa wakilima kandokando ya mitaro ya Dar hawakuwa wakilima.

"Siku moja walinikuta na jembe mkononi," mzee akasema, "wakaniuliza kazi yako nini. Nikawaonyesha jembe. Wakasema hilo siyo jibu."

Aliachiwa kwa sababu alikuwa na kitambulisho cha kiwanda. Jembe halikumsaidia.

Mwaka 1992 zikaja kanuni za kilimo cha mjini, chini ya sheria ya mipango miji. Ziliruhusu, kwa mipaka: mtu asizidishe ekari tatu, asizidishe ng'ombe wanne, na ng'ombe wafugiwe ndani wasiachwe kuzurura. Nilipomsomea mzee hizo ekari tatu alicheka mpaka akakohoa. Hajawahi kuwa hata na robo. Nami kwa kweli nilivyozisoma niliona zimemlenga yule mwenye ua mpana na mfanyakazi wa kukata majani ya ng'ombe, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa akisumbua majirani na kuonekana barabarani. Wa mchicha, mwenye matuta kumi chini ya nguzo, hakukatazwa wala hakupewa chochote. Amevumiliwa. Na kinachovumiliwa kinaweza kukoma kuvumiliwa Jumatatu yoyote.

Kutoka Tabata kushuka Vingunguti mto unageuka rangi. Kuna machinjio, kuna mabwawa ya majitaka, kuna viwanda vya upande wa Barabara ya Nyerere, na kuna vyoo vya nyumba zisizohesabika ambavyo mvua kubwa ikinyesha hutapishwa mtoni usiku, kwa sababu gari la kunyonya ni ghali na wakati mwingine halipiti kwenye uchochoro. Harufu haihitaji maelezo. Mwaka 1999 watafiti wa kemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Bahemuka na Mubofu, walichapisha katika jarida la Food Chemistry matokeo ya kupima mboga zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi. Walipima risasi, kadimiamu, shaba na zinki ndani ya majani tunayoyaunga kwa nazi. Utafiti huo haukuwa wa mwisho. Wengine walikuja baadaye wakapima udongo na maji, na habari haikuwa nzuri.

Sitaki kumtetea anayemwagilia kwa maji ya mtaro. Lakini kila habari hizi zinapotoka gazetini, anayenyooshewa kidole ni mkulima, na suluhisho la kwanza kutajwa ni kumwondoa. Risasi hakuileta yeye. Choo hakukitapisha yeye, au kama alikitapisha, ni kwa sababu ile ile ya jirani yake. Yeye ni mtu wa mwisho kwenye mstari mrefu wa watu walioutumia mto kama jalala, na ndiye peke yake anayeonekana mchana akiwa ameinama pale.

Dada mmoja wa huko alinipeleka kuona kisima chake. Yuko juu kidogo ya mto, amekichimba mbali makusudi, amekizungushia mabati mabovu ili watoto wasitumbukie. Kilimgharimu msimu mzima. "Mimi na wanangu tunakula hii hii," akasema, na sikuwa na sababu ya kumbishia. Tatizo lake ni sokoni. Fungu lake linakaa kwenye meza moja na fungu la mtu anayechota mtaroni, bei ile ile, kijani kile kile. Hakuna mnunuzi anayeuliza kisima. Juhudi yake ya kuwalinda watu wasiomjua hailipwi hata shilingi, na mwenye mtaro, ambaye hakutumia kitu kuchimba, anaweza hata kuuza kwa bei ya chini. Ukiniuliza mimi haki ya chakula mjini inaanzia wapi, nitakuonyesha kisima hicho na meza ile.

Kigogo nilikwenda siku nyingine, kabla ya adhana ya alfajiri, kwa sababu ndipo biashara yenyewe ilipo. Wanaume wengi hulima, wanawake wengi hununua, na wanunuzi ndio wenye mji. Walikuwa wamekwisha kufika, kanga zimefungwa kiunoni, tochi za simu zimebanwa kati ya shavu na bega, wakipita juu ya matuta yenye umande na kuchagua. Mchicha hauuzwi kwa kilo hapa. Unanunua tuta likiwa limesimama, unaling'oa mwenyewe, na ukikosea kulikadiria, hasara ni yako.

"Hili lina kipara."

"Kipara kiko wapi, dada? Hicho kivuli. Subiri kukuche uone."

"Kukicha mimi niko Ilala. Nipunguzie."

"Nipunguze niende wapi? Samadi imepanda, umeona kiroba sasa hivi bei gani?"

"Samadi yako siyo deni langu."

Aliondoka hatua tatu. Aliitwa. Akarudi hatua mbili, siyo tatu, na hapo bei ikapatikana. Sikuisikia, waliimalizia kwa kunong'ona ili mwenye tuta la pili asiipate.

Kisha akainama. Anang'oa kwa kushika shina karibu kabisa na udongo na kuzungusha kidogo mkono, mzizi unatoka mzima, anaupigapiga mguuni kuondoa udongo, anaweka. Wenzake wawili wanasuuza kisimani na kufunga kwa nyuzi za mgomba. Kufunga fungu ni ufundi na, niseme ukweli, ni ujanja pia: mizizi inabanwa pamoja, majani yanafunguliwa yajitanue, na fungu dogo linapata mabega. Tuta likaisha jua halijatoka. Mafungu yakapangwa kwenye salfeti iliyoloweshwa, bajaji ikaitwa, moja ikaenda Ilala, nyingine Buguruni. Mama mmoja mzee hakupanda chochote. Aliweka beseni kichwani na kuingia mitaani. Kabla sijafika barabarani nilishamsikia akiita kwenye madirisha ya watu waliolala, mchicha, matembele, na kwa sauti ya chini kidogo, kisamvu cha kutwanga.

Nilichokuwa sijakielewa ni pesa. Katika wanunuzi wote wale, niliona wawili tu wakihesabu noti. Wengine walichukua na kuondoka. Ni mali kauli: chukua leo, uza, lete kesho. Haiandikwi. Mkulima anakumbuka, na mchuuzi anajua kwamba asipoleta, alfajiri ijayo atakuta matuta yote yameshauzwa, hata yaliyojaa. Mvua ikinyesha mchana na soko likalala, wanakaa chini na kugawana hasara, kila mmoja akilalamika kwamba amebeba kubwa. Mjane mwenye watoto, asiye na mtaji hata wa nauli, anaweza kuanza biashara hapa kesho asubuhi ikiwa yupo mtu wa kumwombea. Hakuna benki jijini inayoweza kusema hivyo. Wanaotafuta mji wa haki kwenye makaratasi yao ya kupangilia watu vikundi na katiba wangefaa kufika hapa saa kumi na moja, wakae kimya, waone jumuiya ambayo haijasajiliwa popote na inafanya kazi.

Lakini haijasajiliwa popote, na hilo ndilo linalonitisha ninaposhuka mto kuelekea Jangwani.

Bonde la chini linajulikana kwa mafuriko. Desemba 2011 mvua iliua zaidi ya watu 40 jijini, na waliokuwa mabondeni wakapewa viwanja Mabwepande, mbali kabisa na vibarua vyao. Aprili 2018 maji yalirudi. Barabara ya Morogoro hufungwa Jangwani masika yakichachamaa, na karakana ya mabasi ya mwendokasi, iliyojengwa palepale bondeni, imeshawahi kuwa ziwa mara nyingi kiasi kwamba watu wameacha hata kuitania. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi: daraja jipya la juu, mto kupanuliwa, watu kuhamishwa kwa fidia, na bustani kubwa ya mji kwenye ardhi itakayobaki. Nyumba nyingi nilizozijua zamani sasa ni kifusi, na katikati ya kifusi, watu hawapotezi muda, kuna matuta.

Siupingi mradi. Aliyewahi kumbeba mtoto begani usiku maji yakiwa kifuani hawezi kuupinga. Ninachouliza ni kidogo. Bonde hili halikujaa nyumba mpaka kingo za mto kwa sababu mahali pengine kulikuwa na mtu analima na hataki mtu ajenge juu ya tuta lake. Wakulima wamelilinda bure kwa miaka mingi kuliko umri wa ofisi nyingi zinazolipangia. Sasa bustani ya mji ikija na nyasi za kukanyaga na viti vya kupumzikia, nyasi hizo zitamwagiliwa na nani, kwa pesa ya nani, wakati wapo watu wanaojua kumwagilia bonde hilo na wanaolisha nalo jiji? Kampala ilitunga sheria ndogo za kilimo cha mjini katikati ya miaka ya 2000. Nairobi ilipitisha yake mwaka 2015. Sijasikia kwamba sheria hizo zimemaliza shida ya mtu; gunia la sukuma wiki la Kibera bado liko mlangoni kwa mwenye chumba kwa sababu hana pa kuliweka kwingine. Ila mkulima wa huko akifukuzwa ana mlango wa kubisha, na mlangoni kuna kibao kinachotaja kazi yake.

Chini ya mwarobaini, pembeni ya kifusi, nilikuta wakulima kama saba wakisubiri jua lipungue. Nikawauliza, wangepewa nafasi ya kusema jambo moja kwa wapangaji wa mradi, wangesema nini. Lilizuka zogo. Mmoja akasema fidia. Mwenzake akamkatiza: fidia ya nini, mchicha? Wathamini wakija wanahesabu nyumba na miti. Mwenye mboga anaambiwa avune. "Basi tupande miembe leo," akasema mwingine, na wote wakacheka, isipokuwa mmoja aliyeonekana kulifikiria. Kijana akataka maji ya bomba, hata ya kulipia, ila kwa bei ya kulimia, siyo ya kunywa. Mama aliyekuwa akichambua majani ya maboga hakuinua kichwa.

"Mimi nataka waandike kwenye ramani yao: hapa mboga. Basi. Hata wakitufukuza, wafukuze kitu kilichoandikwa."

"Na visima wavipime," kijana akaongeza, "halafu majibu watuletee sisi, wasiyapeleke gazetini."

Wakanitazama kidogo kwa hilo la gazeti. Nikaandika kama lilivyosemwa. Walikuwa wamerudi kwenye ubishi wa miembe, miaka mingapi mpaka izae na kama mthamini anahesabu mche au anataka mti, mchuuzi wa jioni alipofika na beseni lake, hakutusalimu mmoja mmoja, akauliza chainizi ya nani iko tayari na kwa nini tuta la mwisho lile limetobolewa na wadudu kama si kutaka kumpunja. Saba wote wakajibu kwa pamoja.